Magari Manne Yaliyosubiri Utepe

Kuna nchi iitwayo Jamhuri ya Heko. Waliowahi kuishi huko wanasema iko mbali sana, ingawa ukiwauliza njia ya kwendea wanatazama chini na kuanza kukuna masikio. Ni nchi ya amani, yenye mahema mengi na viti vya plastiki visivyohesabika. Katiba yake ni fupi, na ibara ya kwanza, ambayo watoto huikariri kabla ya kujua kufunga viatu, inasema hivi: kitu chochote hakipo mpaka kizinduliwe.

Waheko wanaiheshimu ibara hiyo kwa moyo mmoja. Daraja la Mto Kele lilikamilika miaka minne iliyopita, na kila asubuhi wananchi huvuka mto huo kwa kuogelea, pembeni kabisa mwa daraja, wakilitazama kwa fahari. Kule Kata ya Tisa kilichimbwa kisima, na maji, kwa utovu wa nidhamu, yakatoka siku mbili kabla ya mgeni rasmi kufika. Yalizibwa kwa magunia ya mchanga, na fundi akaandika barua ya kuyaombea radhi.

Katika makao makuu ya nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi, msimamizi wa jiko la Chama cha Sahani ya Mchana. Kazi ya chama hicho ilikuwa rahisi kiasi kwamba serikali haikuwahi kuielewa: kupika chakula cha mchana na kuwapelekea wazee mia mbili na kumi na wanne ambao hawakuweza kutoka majumbani mwao. Nyamizi alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa na kasoro moja iliyomzuia kupanda cheo. Mtu mwingine akikaa na njaa, tumbo lililonguruma lilikuwa la Nyamizi.

Chakula kilisafirishwa kwa bajaji tatu kuukuu zenye sanduku la bati nyuma. Zilikohoa, zilipiga makelele, na zilitoa moshi mweusi kama majungu ya shule ya bweni. Lakini saa sita mchana zilikuwa zimefika.

*

Matatizo ya Nyamizi yalianza siku alipopata msaada.

Mfadhili alikuwa Kampuni ya Saruji ya Mwamba Mweupe, ambayo kiwanda chake kilisimama juu ya mji na kuunyunyizia vumbi usiku na mchana, bila ubaguzi wa dini wala kabila. Kuku wote wa mji ule walikuwa weupe, hata wale weusi. Siku moja Mkurugenzi wa Tabasamu wa kampuni hiyo, Bwana Fidelis Kangomba, alichungulia dirishani katikati ya vumbi hilo, akaona kwa mbali bajaji ikitoa moshi. Roho ilimuuma. Wiki ileile alishuka jikoni kwa Nyamizi akiwa na wapiga picha sita.

"Mama," alisema Bwana Kangomba, akitazama kamera, "sisi Mwamba Mweupe hatutoi msaada. Sisi tunatoa kesho."

"Na leo je?" aliuliza Tausi, mpishi, bila kuacha kukoroga. "Maana leo tuna maharage tu."

Bwana Kangomba alicheka kwa sekunde nne, muda uliowekwa na kampuni kwa mizaha ya watu wa chini, kisha akatangaza: magari manne mapya, yanayotumia umeme, yasiyotoa moshi hata wa kusingiziwa, yatatolewa kwa Chama cha Sahani ya Mchana. Sharti lilikuwa moja tu. Bajaji zile tatu ziondoke kwanza duniani, ili hewa isichanganyikiwe.

Nyamizi aliuliza kama bajaji haziwezi kusubiri hata wiki moja, mpaka magari yatakapoanza kazi. Aliambiwa hilo ni swali zuri sana. Katika Heko, swali likisifiwa hivyo, huwa limekwisha kujibiwa.

Sherehe ya Kuuaga Moshi ilifanyika Jumamosi iliyofuata. Tingatinga la kampuni lililetwa kuzisaga bajaji, nalo lilipowashwa lilitoa wingu zito kiasi kwamba wageni hawakuona bajaji, wala tingatinga, wala wao kwa wao. Walipiga makofi kwa kufuata sauti. Wingu lilipotawanyika, pale chini palikuwa na mabati matatu bapa, na Nyamizi amesimama mbele yake ameshika usukani mmoja, asijue wa nini.

*

Magari manne yaliletwa Jumatatu. Yaliegeshwa ndani ya uzio wa jiko, yakafunikwa kitambaa cha satini ya kijani, na kila moja likafungwa utepe wenye fundo kubwa mbele. Mlinzi mwenye bunduki aliwekwa ili yasije yakatumika.

"Yatazinduliwa lini?" aliuliza Nyamizi.

"Wiki ijayo," alisema Ndugu Mashishanga.

Ndugu Mashishanga alikuwa Katibu wa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi, mtu mwembamba mwenye kalamu tano mfukoni, zote zikiwa na kazi tofauti. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Hewa na Sherehe, Mheshimiwa Sosthenes Kibweta, mwenye shahada tatu za udaktari, na kumpata Mheshimiwa haikuwa jambo dogo. Wiki ijayo ilipofika, Mheshimiwa alikuwa akizindua mlango. Iliyofuata alikuwa akizindua kalenda ya uzinduzi. Baadaye alisafiri nje ya nchi kwenda kujifunza mikasi.

Kamati yenyewe ilikuwa na wajumbe kumi na tisa, nayo ilikutana kila siku jikoni kwa Nyamizi, saa tano hadi saa nane. Kwa kuwa muda huo ulipita katikati ya chakula cha mchana, wajumbe walikula.

"Lazima tuujue mradi kwa ladha yake," alieleza Ndugu Mashishanga, akinyoosha sahani kwa mara ya pili.

"Ladha ya jana ilikuwaje, Katibu?" aliuliza Tausi.

"Nzuri."

"Na ya juzi?"

"Nzuri pia."

"Basi si mmeshaijua?"

Ndugu Mashishanga alichukua kalamu ya tatu, ile ya masikitiko, akaandika jina la Tausi.

Magari nayo yalipaswa kuwa tayari wakati wowote, kwa hiyo yalichajiwa usiku na mchana. Kwa kuwa umeme wa mtaa haukutosha, mtaa ulikatiwa. Wakazi walielezwa kwamba giza lao ni mchango wao kwa mazingira, na kila kaya ikapewa cheti. Wengi walishindwa kukisoma hadi kulipokucha.

*

Nyamizi hakusubiri. Yeye na Tausi walibeba vyungu kichwani na kuzunguka mitaa ya karibu kwa miguu. Kwa kujitahidi sana waliwafikia wazee sitini. Wale wengine mia moja na hamsini na wanne walikaa mbali, nyuma ya machimbo na ng'ambo ya Mto Kele, na Nyamizi aliwaandikia majirani zao barua za kuwasihi wawatazame. Majirani wenyewe walikuwa na vyungu vidogo.

Lakini kati ya wale sitini kulikuwa na mmoja wa mbali, ambaye nyumba yake Nyamizi hakuiruka hata siku moja. Ilikuwa juu ya Mlima Kipara, mwendo wa saa nzima kwa miguu, nyumba ya Mzee Lugendo.

Mzee Lugendo alikuwa amepiga tarumbeta katika Bendi ya Taifa kwa miaka thelathini na moja. Sasa miguu ilikuwa imekufa, macho yameingia ukungu, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemfanya mtu wa saa. Kila siku saa sita mchana alijidunga sindano kwa kupapasa, na baada ya sindano ilikuwa lazima ale. Chakula kikichelewa, sukari ya mwilini ilishuka, akaanza kutoka jasho na kutetemeka na kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na baada ya hapo mtu hulala usingizi ambao si wa kulala. Mara mbili alikwisha kurudishwa kutoka huko. Daktari alisema mara ya tatu asijaribu.

"Umekuja kwa miguu tena," alisema siku ya thelathini tangu magari yaletwe, akisikia Nyamizi anavyohema mlangoni.

"Nimekuja, Baba. Kula."

"Na magari?"

"Yapo. Mazuri sana. Yamefunikwa."

Mzee alitafuna polepole. "Mimi nilipokuwa bendini tuliwahi kupewa tarumbeta mpya," alisema. "Tulizipiga miaka miwili kwa kupuliza pembeni, zisiguse mdomo. Zilikuwa hazijazinduliwa."

"Zikatoa sauti?"

"Hapana. Lakini tulisifiwa kwa utulivu."

Nyamizi alicheka, kisha akamsogezea sahani karibu zaidi, kwa sababu aliona mkono wa mzee ukitetemeka kidogo juu ya sahani. Siku hiyo alikuwa amechelewa dakika ishirini tu.

*

Siku ya arobaini, Kampuni ya Mwamba Mweupe iliita waandishi wa habari.

"Leo nina furaha isiyo na kifani," alisema Bwana Kangomba. "Wataalamu wetu wameyapima magari yale manne kwa siku arobaini mfululizo. Kiasi cha moshi kilichotolewa ni sifuri. Kiasi cha makelele, sifuri. Ajali, sifuri. Matairi yaliyolika, sifuri. Ndugu zangu, hakuna magari ya chakula duniani yaliyofikia kiwango hiki."

Waandishi walipiga makofi. Mmoja, mgeni kidogo kazini, aliuliza ni sahani ngapi zilizopelekwa. Aliambiwa hilo ni swali zuri sana.

Siku hiyohiyo, kabla ya saa sita, Nyamizi alipokuwa akipanda Mlima Kipara na chungu kichwani, alisimamishwa na Mkaguzi wa Pumzi. Mkaguzi alimfunika mdomo na pua kwa mfuko wa nailoni uliounganishwa na chombo chenye taa, akamwambia aendelee kupanda kama kawaida. Hatua hamsini mbele, chombo kilipiga kelele.

"Mama, unatoa hewa chafu," alisema Mkaguzi, akishtuka kweli kweli. "Unatoa kuliko magari yote manne ukiyajumlisha."

"Magari hayapandi mlima."

"Ndiyo maana ni safi."

Alipewa barua yenye mhuri, ikimshauri apumue kwa kiasi, na endapo atalazimika kuhema, ahemee ndani. Nyamizi aliikunja barua akaiweka chini ya chungu, maana shingo ilikuwa inauma, akaendelea kupanda.

*

Alipoteremka alimkuta Ndugu Mashishanga akimsubiri langoni na kalamu ya kwanza, ile ya habari njema.

"Dada Nyamizi! Mheshimiwa amepatikana. Kesho kutwa, uzinduzi."

Nyamizi alitua chungu. Alikaa juu ya mtungi.

"Ila," alisema Ndugu Mashishanga, "tunahitaji mnufaika. Mzee mmoja, asiyeweza kutembea, mwenye uso wa shukrani. Ataletwa jukwaani, atapewa sahani, atakula mbele ya kamera kwa dakika tatu. Tumesikia juu ya yule wa mlimani. Aliyekuwa bendini. Anafaa mno."

"Yule ni mgonjwa, Katibu. Mchukueni mwingine."

"Mwingine ni kupitia upya majina. Kupitia majina ni kikao. Kikao ni kuahirisha." Akafungua kalamu ya nne taratibu. "Niandike kwamba Chama cha Sahani ya Mchana kimeomba kuahirisha?"

Nyamizi aliwafikiria wale mia moja na hamsini na wanne. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Sindano yake ni ya saa sita. Akishajidunga lazima ale hapohapo. Chakula kitakuwepo saa sita?"

Ndugu Mashishanga alitoa karatasi. "Dada yangu, hiki ni nini?"

"Karatasi."

"Ni ratiba. Soma."

Ilisomeka: *Saa 6:00 kamili, Mnufaika anakula.*

"Imechapwa kwa wino wa dhahabu," alisema Ndugu Mashishanga. "Umewahi kuona kitu kilichochapwa kwa dhahabu kikachelewa?"

Katika maisha yake yote Nyamizi alikuwa hajawahi kuona kitu kilichochapwa kwa dhahabu. Alipanda tena mlimani kumshawishi mzee mwenyewe.

"Ukiniambia niende, nitakwenda," alisema Mzee Lugendo. "Lakini wewe ndiye utakayekuwa karibu yangu."

"Ni mimi, Baba."

*

Siku ya arobaini na mbili, mahema yalijaa tangu saa mbili asubuhi. Meza kuu ilipambwa kwa maua na soda. Bendi ya Taifa ilipanga vyombo vyake. Gari la kwanza, chini ya satini yake, lilikwisha kupakiwa sahani sitini za moto kwa ajili ya picha, na ufunguo wake uliwekwa juu ya mto wa mahameli. Mbele ya jukwaa, kwenye kiti cha magurudumu kilichofungwa mabaluni, aliketi Mzee Lugendo. Sahani yake ilikuwa mezani mbele yake, wali na maharage na kipande cha nyama, imefunikwa kwa bakuli la kioo na kufungwa utepe.

Saa sita kasoro dakika tano, mzee alijidunga sindano. Ratiba ilikuwa imesema.

Saa sita kamili, mshereheshaji alitangaza kwamba Mheshimiwa yuko njiani. Saa sita na robo alitangaza kwamba Mheshimiwa yuko njiani kuja njiani. Nyamizi alimwendea Ndugu Mashishanga.

"Katibu, ale. Sasa hivi."

"Ale nini?"

"Kile pale!"

"Kile hakijazinduliwa, Dada. Ukikifungua, kitakuwa hakijawahi kupikwa."

"Basi nipeni soda moja ya pale mezani."

"Hizo ni soda za meza kuu."

"Hakuna mtu kwenye meza kuu!"

"Ndiyo maana hatuwezi kumwomba ruhusa."

Nyamizi alikimbilia jikoni kuchukua hata sukari, akakuta mlango umepigwa kufuli. Mlinzi alieleza kuwa jiko lingeharibu mandhari. Alipiga mlango bega mara tatu. Mlinzi alimsihi asirudie, kwa kuwa mlango nao ulikuwa ukisubiri wiki yake ya kuzinduliwa.

Aliporudi, mzee alikuwa ameloa jasho. Shati jipya alilopewa na kampuni, lenye maandishi *Nimeshiba, Asante Mwamba Mweupe*, liling'ang'ania kifuani. Vidole vilicheza juu ya mapaja kana kwamba vinabonyeza tarumbeta.

"Baba, unanisikia?"

"Nani kachukua ngazi," alisema mzee. "Waambie ng'ombe wasiingie na viatu."

Wapiga picha walisogea. "Mzee, tabasamu kidogo," alisema mmoja. Bwana Kangomba, ambaye sasa alikuwa amefika na kuketi meza kuu, alimnyooshea dole gumba.

Ndipo ving'ora viliposikika. Msafara uliingia langoni, mlango wa gari la mbele ukafunguliwa, na kabla Mheshimiwa hajamaliza kushuka, bendi ikaanza wimbo wa taifa.

*

Hapa msomaji mgeni hana budi kufahamishwa sheria. Wimbo wa taifa wa Heko ukipigwa, hakuna anayetikisika. Si kupepesa, si kukohoa, si kumfukuza nzi. Atakayetikisika amewasaliti waasisi, na waasisi wa Heko wana magereza mazuri. Kwa hiyo umati wote uliganda. Mheshimiwa Waziri aliganda mguu mmoja ndani ya gari na mmoja nje, mkono kifuani. Mlinzi aliganda na bunduki begani. Ndugu Mashishanga aliganda akiwa anakuna shingo, na Bwana Kangomba aliganda na tabasamu.

Nyamizi naye aliganda. Alikuwa Mheko aliyelelewa vizuri, na miguu yake ilijua la kufanya kuliko yeye. Alimtazama mzee pembeni yake. Kichwa kilikuwa kimeangukia kifuani, na vidole vilikuwa vimeacha kucheza.

Akatikisika.

Alipiga hatua tatu hadi meza kuu, akachukua soda iliyokuwa mbele ya Bwana Kangomba, akaifungua kwa meno. Mamia ya macho yalimgeukia bila shingo kugeuka. Alirudi, akainua kidevu cha mzee, akamwagia kidogo mdomoni. Ikatoka pembeni. Akamwagia tena, akimsugua koo kwa kidole, huku machozi yakimtiririka na yeye hana habari nayo.

"Meza, Baba. Meza. Baba, tafadhali."

Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza. Koo la mzee likapanda, likashuka. Likapanda tena.

Wakati huo Tausi alitokea nyuma ya hema. Alitazama umati uliokauka kama samaki wa mnadani, akamtazama Nyamizi.

"Dada," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, iliyosikika uwanja mzima, "si wote wameganda? Sasa tunasubiri nini?"

Alichomoa kisu kiunoni, akakata utepe wa sahani, kisha utepe wa gari. Satini ilianguka chini na kulala pale kama ngozi iliyochunwa. Walimwinua mzee pamoja na kiti chake, mabaluni yakipasuka moja moja, wakamwingiza kwenye gari. Nyamizi alichukua ufunguo juu ya mahameli.

Mzee alifumbua macho. Midomo ilisogea.

"Huo ni ubeti wa ngapi?"

"Sijui, Baba. Kunywa."

Alisikiliza. "Wa tatu. Zipo saba, na kila mmoja hurudiwa kwa kila shahada ya mgeni." Akameza funda jingine. "Huyu ana ngapi?"

"Tatu."

"Basi una muda, binti yangu. Ila yule wa ngoma anakimbiza. Usimwamini."

Gari liliondoka bila sauti yoyote. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa, na kwa mara ya kwanza ilimfaa mtu. Lilipita mbele ya meza kuu, ambapo tabasamu la Bwana Kangomba lilianza kutetemeka kwenye pembe. Lilipita mbele ya Mheshimiwa Waziri mwenye mguu mmoja nje, ambaye macho yake yalilifuata kutoka kushoto hadi kulia yakiwa yametoka kama ya chura. Lilipita chini ya pua ya mlinzi wa langoni, likaingia barabarani.

*

Mzee Lugendo alikula wali wake njiani, Tausi akimlisha kwa mkono. Rangi ilirudi usoni polepole, kwanza kwenye masikio. Alipomaliza, aliuliza sahani zile nyingine nyuma ni za nani.

Nyamizi alishika usukani kwa mikono yote miwili. Alijua kwamba wimbo ungeisha. Alijua pia majina yote mia mbili na kumi na wanne, na mitaa yao, na nani hali maharage.

"Tuanze na Machimboni," alisema. "Huko hatujafika tangu siku ya kwanza."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Siwema. Alifungua mwenyewe, ameshikilia ukuta, amekuwa mdogo kiasi kwamba Nyamizi alitazama kwanza juu ya kichwa chake. Bibi aliipokea sahani kwa mikono miwili.

"Siku arobaini na mbili," alisema. "Nilidhani nimekufa, ila bado sijaambiwa."

Nyamizi alitaka kumwomba radhi, lakini bibi alikwisha kuanza kula palepale kizingitini, na haikuwa adabu kumkatiza.

Mlango wa pili ulikuwa wa Mzee Tungu, seremala. Nyamizi aligonga, akagonga tena. Alitoka jirani, mwanamke aliyejifunga kanga nyeusi.

"Mmekuja kwa Mzee Tungu? Tumemzika Jumanne." Aliitazama sahani, kisha gari. "Tuliiletea kamati yenu taarifa. Walijibu kwa barua."

"Wakasema nini?"

"Kwamba wamepokea. Na kwamba safari moja imepungua."

Nyamizi alisimama na ile sahani. Mvuke ulimpanda usoni. Kwa mbali, kutoka mjini, ngoma ya bendi ilisikika ikiharakisha, kisha ikakoma, na baada ya kimya kifupi ving'ora vikaanza.

"Nani kafungua?" aliita Mzee Lugendo kutoka ndani ya gari.

"Hakuna mtu, Baba."

"Haya," alisema mzee. "Nani anafuata?"

Aliyefuata alikuwa Bi Mkasiwa, nyumba ya tatu kutoka pale, peke yake, bila mtoto wala jirani wa ukuta mmoja. Dirisha lilikuwa limefungwa, na vumbi la saruji juu ya kizingiti halikuwa na alama ya unyayo. Tausi alitazama barabarani, kule ving'ora vilikotokea.

"Dada, wanakuja."

Nyamizi aligonga. Akangoja. Akagonga tena kwa kiganja kizima, akaweka sikio kwenye ubao wa mlango na kuziba jingine kwa kidole.

Ndani, mbali kidogo, kitu kilianza kuburuzwa sakafuni, polepole, kikisimama na kuanza tena, kikija upande wa mlango.